Kuendesha Gari Bila Kughafilika: Mwongozo Kamili kwa Dereva

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kutokana na ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mwendo kasi na ulevi vimesemwa sana, na ni haki visemwe. Lakini kuna chanzo kingine ambacho hata dereva mwenye leseni, aliyelala vya kutosha, asiyegusa pombe na anayeheshimu kila alama ya barabarani anaweza kukibeba ndani ya gari lake kila siku bila kujishuku, nacho ni kuendesha huku macho, mikono au akili yake imeshughulika na jambo jingine.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa ajali za namna hii kinga ipo, ila mahali pake pa kuwekwa ni pale gari linapokuwa bado limesimama. Dereva anayengoja simu ilie ndipo aamue kama ataipokea ameshajiweka pabaya, kwa sababu uamuzi huo atalazimika kuufanya akiwa katika mwendo, kwa haraka, huku udadisi ukimvuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi, na nitaanza kwa kueleza tatizo lenyewe, maana dereva asiyelielewa huona tahadhari zote kuwa ni usumbufu.

Jinsi dereva anavyoghafilika

Wataalamu wa usalama barabarani hulitazama jambo hili kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya macho: dereva anatazama kitu kisichohusiana na njia yake, iwe ni skrini ya simu, ajali iliyotokea upande wa pili wa barabara, au mtoto aliyeketi nyuma. Ya pili ni ya mikono: ameuachia usukani ili afungue chupa, atafute miwani au abadilishe wimbo. Ya tatu ni ya akili, na hii ndiyo ngumu kuigundua, kwa kuwa mikono inaweza kuwa mahali pake na macho yakawa yameelekezwa mbele, ilhali fikra ziko kazini, nyumbani, au kwa mtu anayezungumza naye kwenye simu.

Jambo moja laweza kugusa njia zote tatu kwa pamoja, na hakuna mfano ulio wazi kuliko ujumbe wa simu. Simu iliyowekwa juu ya kiti cha abiria inatetemeka na kioo chake kinawaka. Jicho linaruka kuangalia jina la aliyetuma. Mkono mmoja unaacha usukani, unaiokota simu, kidole gumba kinaifungua, macho yanarudi barabarani kidogo kisha yanashuka tena kusoma. Ujumbe ni mfupi: “Umefika wapi?” Dereva anaandika herufi mbili tatu za jibu, na katika muda huo taa za breki za gari la mbele zimekwishawaka. Hakuna lolote katika hayo lililoonekana kubwa kwa mwenye kulitenda, na ndiyo sababu akiulizwa baadaye hujibu, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba alitupa jicho mara moja tu.

Kamera hueleza tofauti. Mwaka 2009 Taasisi ya Usafiri ya Virginia Tech ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa ndani ya malori yaliyokuwa kazini, ambamo kamera ziliwarekodi madereva kwa muda mrefu. Dereva wa lori aliyekuwa akiandika ujumbe alikuwa na hatari ya kupata ajali, au ya kuponea chupuchupu, mara 23 zaidi ya dereva aliyekuwa akiendesha tu. Na katika sekunde 6 zilizozunguka tukio, macho yake yalikuwa nje ya barabara kwa wastani wa sekunde 4.6. Taasisi hiyo hiyo ilikuwa imefuatilia magari 100 ya kawaida katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, na ikaonekana kwamba karibu asilimia 80 ya ajali zilizorekodiwa zilitanguliwa, ndani ya sekunde 3, na aina fulani ya kutokuwa makini, usingizi ukiwamo. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kuyaondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 huongeza hatari angalau maradufu. Sekunde hizo 2 zikumbukwe, kwa kuwa nitazirudia.

Hesabu ya mita na sekunde

Gawanya mwendo wa gari, wa kilomita kwa saa, kwa 3.6, nawe utapata mita ambazo gari linazipita kila sekunde. Kwa kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14. Kwa kilomita 80 ni mita 22, na kwa kilomita 100 ni karibu mita 28. Chukua sasa zile sekunde 4.6 za kamera na dereva anayekwenda kilomita 90 kwa saa: atakuwa amepita mita 115 bila kuitazama njia, umbali unaozidi urefu wa uwanja wa mpira wa miguu.

Mwendo mdogo wa mjini hauna nafuu kubwa kama watu wanavyodhani. Tuseme unakwenda kilomita 50 kwa saa, lami ni kavu na breki ni nzima. Dereva aliye makini huhitaji takriban sekunde 1 kuiona hatari na kukanyaga breki, yaani mita 14, kisha gari huhitaji kiasi cha mita 14 nyingine hadi lisimame. Jumla ni mita 28. Mtoto akiingia barabarani umbali wa mita 28 kutoka mbele ya gari, dereva huyo atasimama mbele yake tu. Mweke dereva yule yule, kwa gari lile lile, ila wakati mtoto anatoka alikuwa ameinamia skrini kwa sekunde 1. Mita 14 zinakwenda kabla hajamwona, na 14 nyingine wakati mguu unahamia kwenye breki. Gari linafika alipo mtoto ndipo breki zinaanza kushika, na mwendo wa kugonga ni ule ule wa kilomita 50. Kilichotenganisha kusimama salama na kumgonga mtoto kwa nguvu zote ni sekunde 1, ambayo hata ujumbe mfupi kuliko wote hauwezi kusomwa ukamalizika ndani yake.

Simu isiyoshikwa mkononi

Hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie, kwa kuwa watu wengi makini wameamini kwamba wakitumia kipaza sauti au spika za gari tatizo limekwisha. Mwaka 1997 watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliopata ajali na waliokuwa na simu ndani ya magari yao. Walipolinganisha muda wa ajali na kumbukumbu za simu, waliona kwamba hatari ya kugonga wakati wa mazungumzo ilikuwa mara 4 hivi ya kawaida, na simu zisizoshikwa mkononi hazikuonyesha usalama zaidi. Utafiti wa mwaka 2005 uliofanywa Perth, Australia, ukafika mahali pale pale.

Sababu imo katika namna akili inavyogawa nguvu zake. Katika jaribio la mwaka 1999 la wanasaikolojia Simons na Chabris, watu waliambiwa wahesabu pasi za mpira katika picha za video, na karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji na kujipiga kifua. Macho yao yalikuwa kwenye picha muda wote. Dereva aliyezama katika mazungumzo yumo katika hali ya jamaa hao: taa nyekundu inaingia machoni mwake lakini haipati mlango wa kuingia katika fahamu. Utafiti wa David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah umeonyesha hivyo hivyo, kwamba madereva wanaozungumza na simu hushindwa kukumbuka vitu ambavyo vifaa vya kufuatilia macho vilithibitisha kuwa walivitazama.

Huenda ukauliza mbona mazungumzo na abiria hayaleti balaa hilo. Abiria naye anaona barabara. Lori likijitokeza ghafla ananyamaza, au anasema “angalia!”, na mkifika kwenye makutano yenye msongamano anapunguza maneno bila kuambiwa. Mtu aliye kwenye simu haoni lolote, naye ataendelea kuuliza na kutaka jibu katika sekunde ile ile ambayo dereva anamhitaji kila askari wa akili yake.

Kuna jambo la mwisho ambalo huwashangaza hata madereva wazoefu. Mwaka 2015 wakfu wa utafiti wa usalama barabarani wa AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulitoa matokeo ya kazi ya Strayer na wenzake kuhusu mifumo ya kuamrisha gari au simu kwa sauti. Ilionekana kwamba akili huweza kuchukua hadi sekunde 27 baada ya amri ngumu kumalizika kabla ya kurudi kikamilifu barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde 27 ni mita 375.

Hatua ya kwanza: jichunguze

Kwa siku chache endesha kama kawaida, lakini kila unapofika jiulize maswali haya kabla hujashuka. Je, umejikuta tu umefika bila kuikumbuka njia uliyopita? Ulipigiwa honi kwenye taa kwa kuchelewa kuondoka? Ulikanyaga breki kwa nguvu mahali ambapo gari la mbele lilipunguza mwendo kwa kawaida tu? Gari liliuma mstari au kugusa ukingo wa barabara? Mwendo wako ulipanda na kushuka bila sababu? Dereva anayejibu ndiyo kwa maswali mawili au matatu kati ya haya anaghafilika, hata kama hajawahi kupata mkwaruzo.

Kisha andika vitu vinavyokuvuta wewe hasa. Kuna asiyejali simu lakini hawezi kuacha kusoma mabango. Kuna ambaye wazo la kikao cha kesho humla safari nzima. Ukishajua lako, utajua pa kuanzia.

Hatua ya pili: maliza kila kitu kabla ya kuwasha injini

Rekebisha kiti, vioo vya pembeni na kioo cha kutazamia nyuma. Weka kiwango cha ubaridi au joto unachokihitaji, chagua redio au muziki na sauti yake, vaa miwani, funga mkanda. Vitu vinavyoweza kuviringika, kama vile chupa na matunda, viwekwe mahali pasipoweza kuviachia. Chupa inayoingia chini ya pedali ya breki imekuwa hatari maradufu, kwanza kwa kuziba breki, pili kwa kumfanya dereva ainame kuitafuta. Andika mahali unapokwenda kwenye ramani, isikilize au isome mara moja yote, na ujue mapema makutano makubwa mawili au matatu utakayoyapita. Anayeijua njia kwa ujumla haihitaji skrini katika kila kona.

Baada ya hayo, simu. Hii ndiyo sehemu inayostahili muda wako.

Washa mpangilio wa kuendesha gari. Simu nyingi za kisasa zinao: hutambua kwamba gari linatembea, huzuia arifa, na huweza kumjibu anayekuandikia kwamba uko njiani. Ukiuweka ujiwashe wenyewe kila safari, utakuwa umeufanya uamuzi mara moja tu, na hilo ni rahisi kuliko kushindana na nafsi kila siku. Kama simu yako haina mpangilio huo, iweke kimya kabisa, bila mtetemo. Mtetemo humwambia dereva kwamba kuna mtu, bila kumwambia ni nani, na udadisi huo una nguvu.

Iweke mahali ambapo huwezi kuifikia ukiwa umefunga mkanda: ndani ya mkoba kwenye kiti cha nyuma, au kwenye buti. Mfuko wa suruali na kiti cha abiria havifai. Kama unaitumia kwa ramani, ifunge kwenye kishikizo imara, karibu na usawa wa macho, mahali ambapo haizibi kioo cha mbele, na uache sauti ndiyo ikuongoze.

Mwisho, waambie watu. Ujumbe mmoja kabla ya kuondoka, “Naondoka sasa, nitakuwa barabarani kwa saa moja, nitakujibu nikifika,” huondoa simu nyingi ambazo zingekuja. Watu hupiga tena na tena kwa sababu ya wasiwasi, na wasiwasi hutulia wanapojua.

Hatua ya tatu: ukiwa njiani

Shika kanuni ya sekunde 2. Jambo lolote la lazima linalohitaji macho, kama kutazama kipima mwendo au kugeuza kitufe cha kifuta kioo, lifanyike kwa kutupa jicho chini ya sekunde 2, na kama haliwezi kumalizika katika muda huo, lisubiri gari lisimame. Usiligawe katika vipande vingi vya kutazama na kurudi, kwani ndivyo sekunde zinavyojumlika bila kuonekana.

Yape macho kazi. Tazama mbali, hadi pale gari litakapofika baada ya sekunde 12 au 15, kisha rudi karibu, kisha kioo cha nyuma, kisha vya pembeni, na kurudi mbele. Acha nafasi ya sekunde 3 kati yako na gari la mbele: chagua nguzo au mti, gari la mbele likiupita anza kuhesabu, na usiufikie kabla ya kumaliza tatu. Nafasi hiyo ni akiba ya siku utakayoghafilika licha ya juhudi zote, au siku ambayo dereva mwingine ataghafilika mbele yako. Wakati wa mvua au usiku iongeze.

Foleni na taa nyekundu huwadanganya wengi. Gari limesimama, mtu anasema, kwa hiyo naweza kusoma ujumbe. Lakini ndizo dakika ambazo watembea kwa miguu na pikipiki hupenya kati ya magari, na dereva anayeinua kichwa kwa kushtuliwa na honi huondoka kabla hajaangalia kilicho mbele ya bampa. Aidha akili yake itabaki na ule ujumbe kwa muda baada ya gari kuanza kutembea.

Ikiwa kweli kuna simu isiyoweza kungoja, simama, na kusimama huko kuna utaratibu wake. Tafuta mahali palipo nje kabisa ya njia ya magari: kituo cha mafuta, eneo la maegesho, au barabara ndogo ya pembeni. Washa indiketa mapema, angalia vioo, punguza mwendo taratibu, toka, vuta breki ya mkono, na hapo tu ndipo uichukue simu. Ukingo wa barabara kuu ni wa dharura ya gari au ya afya, na anayesimama hapo kwa ajili ya maongezi anajihatarisha yeye na wanaokuja nyuma. Ukimaliza kuzungumza, usiondoke papo hapo. Rudisha simu ilikokuwa, vuta pumzi, angalia vioo vyote, na ipe akili nusu dakika ya kurudi.

Hatua ya nne: watoto, abiria, na vitu vidogo

Mtoto anayelia nyuma humvuta mzazi kuliko simu yoyote, kwa kuwa hapa kinachoita ni huruma. Kabla ya kuondoka hakikisha ameshiba, amefungwa vizuri kwenye kiti chake, na ana kitu cha kuchezea kisicho kizito. Mfundishe, na wewe mwenyewe ukubali, kwamba kitu kikianguka wakati gari linatembea kitabaki chini hadi mfike au msimame. Mzazi anayenyosha mkono nyuma kukitafuta huvuta usukani upande mmoja bila kujua, na mwili wake wote umegeuka. Kilio kikizidi, simama mahali salama umhudumie. Dakika tano zilizopotea hazitakumbukwa na yeyote.

Abiria mtu mzima mpe kazi: asome ramani, apokee simu yako, ashughulikie muziki. Ugomvi usizungumzwe ndani ya gari. Mnyama asafiri ndani ya tundu au akiwa amefungwa, kamwe asiwe mapajani mwa dereva.

Kula, kujipaka vipodozi, kuwasha sigara na kunywa kitu cha moto vyote vingoje. Mdudu akiingia, punguza mwendo, fungua madirisha, simama ukipata nafasi. Usimpige huku unaendesha.

Hatua ya tano: akili iliyojaa

Haya yote yanaweza kutimizwa na dereva bado akawa hayupo. Aliyetoka kugombana, aliyepokea habari ya msiba, anayewaza deni, au aliyechoka baada ya kazi ya usiku hana skrini ya kuzima. Kwake dawa ya kwanza ni kukubali kwamba hali hiyo ni sababu halali ya kutoendesha. Mwenzake aushike usukani, au asubiri hadi mapigo ya moyo yatulie, au atumie usafiri mwingine. Aliyefiwa hasa asiachwe aendeshe peke yake kuelekea msibani. Jamaa na marafiki wana wajibu wa kumnyang'anya funguo kwa upole.

Kwa mawazo ya kila siku kuna zoezi ambalo walimu wa udereva hulitumia na ambalo nalipendekeza kwa nguvu: isimulie barabara kwa sauti. “Pikipiki kushoto. Basi limesimama, abiria wanaweza kutokea mbele yake. Taa imekuwa kijani muda mrefu, inaweza kubadilika.” Akili inayosimulia kinachoonekana haipati nafasi ya kuzurura, na kwa dakika chache utashangaa ni mambo mangapi yalikuwa yakikupita. Litumie kila unapojigundua umeanza kuelea.

Usingizi ni jambo jingine kabisa. Hauondolewi kwa muziki wala upepo wa dirishani, unaondolewa kwa kulala.

Magari yanayomsaidia dereva

Magari mapya mengi hujishikilia ndani ya mstari na kurekebisha mwendo yenyewe, na wenye nayo huanza kuyaamini kupita kiasi. Machi 2018, huko Mountain View, California, gari lililokuwa likitumia mfumo wa aina hiyo liliacha njia na kugonga kizuizi cha barabara kuu, na dereva akafariki. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilihitimisha mwaka 2020 kwamba dereva hakuchukua hatua, yaelekea kwa sababu alikuwa ameshughulishwa na mchezo kwenye simu. Mifumo hii humtaka dereva awe tayari kila sekunde. Itumie kama msaidizi, mikono ikiwa kwenye usukani. Vivyo hivyo kwa skrini kubwa za dashibodi: jifunze menyu zake gari likiwa limeegeshwa.

Sheria inafika wapi

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2006, unamtaka dereva apunguze kila shughuli isiyokuwa ya kuendesha, na unazitaka nchi zilizouridhia zikataze matumizi ya simu ya mkononi gari linapotembea. Nchi nyingi zina katazo hilo, lakini katika nyingi kati ya hizo simu isiyoshikwa mkononi imeruhusiwa, na hapo ndipo watu wanapochanganya kilichoruhusiwa na kilicho salama. NTSB yenyewe ilikwenda mbali zaidi. Ilichunguza ajali ya mwaka 2010 huko Gray Summit, Missouri, ambamo kijana aliyekuwa akiendesha alitumiana ujumbe 11 katika dakika 11 kabla ya kugonga lori, na mabasi mawili ya wanafunzi yakagonga nyuma yao; watu 2 walifariki na 38 wakajeruhiwa. Desemba 2011 bodi hiyo ilipendekeza dereva asitumie, isipokuwa kwa dharura, vifaa vya mawasiliano visivyohusiana na kazi ya kuendesha, vinavyoshikwa na visivyoshikwa. Kwa ushahidi uliopo, naona pendekezo hilo ndilo sahihi, na dereva hahitaji kungoja bunge ili alifuate.

Hatua ya sita: wajibu wa wasioshika usukani

Mwajiri anayempigia dereva wake katikati ya safari na kukasirika asipopokelewa anainunua ajali. Aandike kanuni: hakuna simu gari likitembea, hakuna adhabu kwa kutopokea, na ratiba iwe na vituo vya kuwasiliana. Kisha yeye mwenyewe aifuate, kwa kuwa dereva hutazama mwenendo wa bosi kuliko karatasi iliyobandikwa ukutani.

Mzazi wa kijana anayejifunza akumbuke kwamba kijana huyo amekuwa akimtazama kutoka kiti cha nyuma kwa miaka mingi. Miezi ya mwanzo ya leseni iwe bila simu, bila muziki wa sauti kubwa, na abiria wachache kadiri inavyowezekana, maana asiye na uzoefu hutumia akili yake yote kwa mambo ambayo mzoefu huyafanya kwa mazoea.

Abiria wa basi au teksi asinyamaze. Lugha ya heshima hufanya kazi kuliko ukali: “Samahani dereva, naomba usome huo ujumbe tukisimama, nikusaidie kupokea?” Akikataa na kuendelea, omba kushuka mahali salama, na uitaarifu kampuni au mamlaka husika ukiwa na namba ya gari na saa.

Na wewe unayepiga simu, ukisikia mngurumo wa injini upande wa pili, uliza swali moja tu: “Unaendesha?” Akijibu ndiyo, mwambie, “Nipigie ukifika,” kisha ukate wewe mwenyewe bila kumngoja aage.